Wapolandi wa Kidugala na Walioandikwa Kazi Njombe

Wapolandi waliokimbilia Tanganyika wakikumbukwa, hutajwa Tengeru, karibu na Arusha, na husimuliwa habari ya ukarimu: walifika, wakatunzwa, Vita vya Pili vya Dunia vikaisha, wakaondoka. Ifunda ya Iringa na Kidugala, misheni ya zamani ya Wajerumani wilayani Njombe, hazitajwi sana. Nazo zilikuwa kambi zao.

Safari yao inajulikana. Stalin aliwahamisha kwa nguvu mwaka 1940 na 1941, wakatoka Urusi ya Kisovyeti kupitia Uajemi, na takribani 18,000, wengi wao wanawake na watoto, wakagawanywa katika makoloni ya Waingereza barani Afrika.

Kuondoka kwao ndiko kunakosimuliwa vibaya. Baada ya vita, nchi zilizopungukiwa nguvukazi ziligeukia kambi za wakimbizi. Uingereza ilichukua watu kutoka kambi za Ujerumani na Austria kwa ajili ya migodi, viwanda vya nguo, mashamba na hospitali. Australia iliafikiana na shirika la wakimbizi la kimataifa, IRO, Julai 1947: nauli italipwa, ila mgeni afanye kazi atakayopangiwa na serikali kwa miaka 2. Februari 1950 meli General Langfitt ilitoka Mombasa kuelekea Fremantle na Wapolandi zaidi ya 1,000. Walipita kwanza kwa daktari na kwa maofisa wa uhamiaji. Mwenye mapafu mabovu, mzee, mjane mwenye watoto wadogo: hao walikuwa mzigo wa kusukumiana. Huo ukarimu ulikuwa na mizani.

Mbona hawakuajiriwa hapahapa, wakati chai ya Mufindi na, tangu 1947, karanga za Kongwa zilihitaji watu? Jibu la kwamba hawakuzoea jua ni porojo. Ifunda na Njombe ni baridi kali. Namsadiki zaidi Jochen Lingelbach, aliyeandika kitabu kizima juu ya wakimbizi hawa: wakoloni waliogopa Wazungu maskini. Mpolandi akichuma chai bega kwa bega na Mhehe, ngazi ya rangi ingeyumba.

Kazi ngumu ilikuwa na watu wake. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ilikuwa moja ya visima vyake. Wabena na Wakinga walipimwa afya, wakapewa mkataba, wakapakiwa kwenye malori hadi Tanga na Morogoro. Yaani nchi moja, miaka ileile, ilipima vifua vya watu wa aina mbili. Mpolandi, mkataba wake wa Australia ukiisha, alibaki huko na wanawe. Manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mkonge, wake ukiisha, alirudishwa Njombe, na mwaka uliofuata SILABU ilimngoja palepale.

Wapolandi walipoondoka, mahali pa kambi ya Ifunda pakawa shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ya kufundisha Waafrika uashi na useremala.