Sembe Ilivyotawala Sufuria Zetu, na Dona Inavyorudi

Mteja akitua ndoo yake ya mahindi kwenye mashine ya kusaga, iwe Tandale, Mbagala au Kirumba, fundi humuuliza jambo moja kabla ya kuwasha mota: "Tukoboe, au dona?" Akisema tukoboe, mahindi hupitishwa kwanza kwenye mashine ya kukoboa. Ganda linachubuka, kiini kinang'oka, na pumba zinamwagika kwenye gunia la pembeni linalomsubiri mfugaji wa kuku. Wapo wanaotaka yakobolewe mara mbili, mpaka punje zing'ae. Unga mweupe unaotoka ndio sembe. Akisema dona, punje husagwa nzima na unga hutoka na vidoadoa vya kahawia.

Katika kila kilo 100 za mahindi yanayokobolewa, takribani 20 hadi 30 huishia kwenye gunia la pumba. Humo hupotelea sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta, vitamini za kundi B, chuma na zinki, na kinachoingia sufuriani ni wanga kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana wagonjwa wa kisukari huambiwa kliniki waachane na sembe. Wengi huitikia, wakifika nyumbani wanasonga ugali uleule. Ukiwauliza, watakwambia dona haipiti kooni. Koo hilo, hata hivyo, lilifunzwa na vita, soko, sheria na ruzuku, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mgeni aliyekuja bila maelekezo

Mahindi yalianza kulimwa Mexico na Amerika ya Kati, yakafika pwani ya Afrika Mashariki baada ya ujio wa Wareno, kuanzia karne ya 16. Kwa muda mrefu yalikuwa zao la pembeni. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeongoza msafara kuelekea Ziwa Tanganyika mwaka 1857, alikuta mtama ndio nafaka kuu njiani. Kwingine watu walikula uwele, ulezi, ndizi au mchele, kila eneo kwa ardhi na mvua yake.

Huko yalikotoka, wenyeji waliyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Kazi hiyo huifungua niasini, vitamini ambayo ndani ya punje imefungamana kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Mbegu ilivuka bahari, ujuzi ukabaki nyuma. Matokeo yake, maskini wa kusini mwa Ulaya, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walipofanya mahindi kuwa mlo wao wa kila siku walishikwa na pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili.

Weupe wa jasho

Tusimbebeshe mkoloni kila kitu. Unga mweupe ulijulikana hata kabla ya mashine. Kina mama walikoboa mahindi kwa kinu na mchi, wakapepeta kwa ungo, wakayaloweka siku kadhaa, wakayaanika, kisha wakayatwanga tena hadi yakawa unga laini. Ulipendwa na uliheshimika, ukawekwa kwa ajili ya wageni na shughuli. Lakini kila kibaba kilidai mikono na muda, na mama mwenye shamba, watoto na maji ya kuteka hakuwa na nafasi ya kufanya hivyo kila siku. Uzito wa kazi wenyewe ndio uliokuwa mpaka, na mashine zilipokuja mpaka huo uliondoka: mlo wa shughuli ukawa mlo wa kila siku.

Mpagazi, mlowezi na kibarua

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, viliharakisha mambo. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi katika mapambano dhidi ya Wajerumani, na posho yao kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Wengi walitoka kwenye jamii za ndizi au mtama. Unga ulisagwa hovyo, muda wa kuupika ulikuwa mfupi, na matumbo hayakuuzoea. Magonjwa, kuhara kukiwa miongoni mwa yale mabaya zaidi, yaliua wapagazi wengi kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao.

Baada ya vita, walowezi wa Kenya walipanua mashamba ya mahindi kwa mbegu nyeupe zenye asili ya Marekani zilizopitia Afrika Kusini, ikiwamo Hickory King. Weupe huo ulikuwa matakwa ya mnunuzi: katika soko la Uingereza viwanda vya wanga vililipa zaidi kwa mahindi meupe, hivyo mkulima aliyetaka kuuza nje alitakiwa asichanganye rangi. Mahindi ya rangirangi yaliyolimwa na Waafrika yakaanza kupungua. Mashambani, migodini na kwenye reli, kibarua alipimiwa posho ya unga, mara nyingi ratili mbili kwa siku.

Viwanda vilikuwa vimeshaanza. Kampuni ya Unga Limited iliasisiwa Kenya mwaka 1908, Lord Delamere akiwa miongoni mwa waasisi, na jina lake limebaki hadi leo kwenye kata moja ya jiji la Arusha. Mashine zake na zile zilizofuata zilifanya kwa saa moja kazi ambayo kinu na mchi vingeifanya kwa wiki.

Serikali ikawa mpishi

Uhuru haukubadili rangi ya unga. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa H611, mbegu chotara iliyoongeza mavuno kwa kiwango kikubwa, nayo ilikuwa nyeupe. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilitaifisha viwanda vya kusaga nafaka na kuviweka chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Sembe ya NMC ikawa unga wa mjini, wa bei elekezi na baadaye wa ruzuku. Mfanyakazi wa Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kuhangaika na gunia la mahindi ilhali unga mweupe ulikuwa dukani kwa bei nafuu.

Ukame na uhaba wa miaka ya 1970 na 1980 ulileta mahindi ya njano kutoka nje. Watani wakauita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi za klabu hiyo ya soka, na watu waliula shingo upande. Ajabu ni kwamba rangi ile ya njano hutokana na viambata ambavyo baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A, vitu ambavyo mahindi meupe hayana. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikafutwa.

Kenya nayo ilikuwa na kufuli lake. Kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, kwa hiyo mkazi wa Nairobi alipata shida kupata nafaka nzima ya kupeleka mashineni, akabaki kununua unga wa pakiti uliokobolewa. Mwishoni mwa 1993 vibali na ruzuku viliondolewa. Mashine za mitaani zikaongezeka, na familia nyingi za kipato kidogo zikahamia kwenye unga wa kusagisha kwa kuwa ulikuwa na bei ndogo. Watu walewale waliosemekana hawawezi kula unga usiokobolewa waliula, na haikuchukua miaka mingi.

Kinachoizuia dona leo

Dona ina matatizo yake ya kweli. Kiini kina mafuta, na mafuta huchacha, kwa hiyo unga wake haukai muda mrefu kwenye rafu. Mwenye duka anaipendelea sembe kwa sababu hiyo kabla hata ya kufikiria ladha ya mteja. Pili ni sumukuvu. Mahindi yakivunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu huzalisha sumu inayojikusanya zaidi kwenye ganda na kiini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao wakafa. Anayehubiri dona bila kuzungumzia mahindi makavu, yaliyopembuliwa na kuhifadhiwa vizuri, anatoa nusu ya ushauri.

Serikali zilichagua njia ya kati: kurudisha baadhi ya virutubisho kwenye unga wa viwandani. Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2011, Kenya ikaweka sharti kama hilo mwaka 2012. Chuma na vitamini huongezwa, lakini nyuzinyuzi hazirudi, na mashine ndogo za mitaani ni vigumu kuzifikia.

Lipo pia la heshima. Waliosoma shule za bweni wanaikumbuka dona pamoja na maharage yenye wadudu, na mtu aliyeondokana na umaskini hataki kuurudisha mezani. Rwanda imeanzia hapohapo: tangu 2021 baadhi ya shule zimekuwa zikiwapikia wanafunzi unga wa mahindi usiokobolewa na ulioongezwa virutubisho, uliosagwa karibuni kiwandani, badala ya mweupe. Mtoto anayeuona kila siku ukiwa mtamu na safi hatauhusisha na adhabu.

Jikoni, waliofanikiwa kuhama hawakuhama kwa siku moja. Huanza kwa kuchanganya nusu kwa nusu, wakasagisha kidogokidogo unaotosha wiki moja au mbili, wakaongeza maji na kuuacha uji uchemke vizuri kabla ya kusonga, kwa sababu dona isiyoiva ndiyo inayokwaruza koo. Wengine huchanganya ulezi, mtama au muhogo, vyakula vilivyokuwapo kabla mahindi hayajatawala.

Bidii hiyo ya jikoni ni muhimu, lakini historia inaonyesha kuwa taifa hubadili unga pale bei, sheria na mashine ya jirani vinapovuta upande mmoja. Sembe ilipata ruzuku kwa miaka mingi ili iwe chakula cha wote. Bajeti za shule, hospitali na magereza, ambazo hununua unga kwa tani, zikidai mahindi makavu yaliyopimwa sumukuvu na kusagwa mazima, wenye mashine watapata sababu ya kuyatafuta, na mkulima sababu ya kuyakausha.