Meya Aliyeanza kwa Ushauri

Jaime Lerner alipofariki Mei 2021, alikumbukwa kama meya wa Curitiba, kusini mwa Brazil, ambaye baada ya madaraka alizunguka dunia akishauri miji ya wengine. Ukweli ni kwamba ushauri ulitangulia. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya kuhitimu usanifu majengo, alishiriki kuanzisha IPPUC, taasisi ya mipango miji ya Curitiba, na mwaka uliofuata jiji likapata mpango wake mkuu. Alipokabidhiwa umeya mwaka 1971, alikuta michoro tayari na wataalamu aliowafahamu kwa majina. Humo, naamini, ndimo uwezo wake ulimotoka, na ndicho kitu ambacho ushauri wake wa baadaye haukuweza kukisafirisha.

Chukua mtaa wa Rua XV de Novembro mwaka 1972. Wenye maduka hawakutaka kusikia habari ya kuufunga kwa magari. Lerner alisubiri Ijumaa jioni, mahakama zikiwa zimefungwa na hakuna wa kutoa zuio, ndipo mafundi wakaingia. Wakang'oa lami, wakapanga vijiwe, wakasimamisha taa na vyungu vya maua. Saa 72 baadaye mtaa ukawa wa waenda kwa miguu. Wenye magari walipopanga kuuvamia, walikuta karatasi ndefu zimetandazwa chini na watoto wamepiga magoti wakipaka rangi. Kisa hiki hupendwa sana kwenye makongamano, na kila mara shujaa wake ni mtu mmoja. Lakini saa 72 hazitoshi hata kuagiza hivyo vijiwe. Haraka ile ilikuwa tunda la miaka ya kukaa mezani.

Kuna watakaosema haraka ile ilikuwa ya kijeshi, na hawakosei: mara mbili za kwanza Lerner aliteuliwa kuwa meya chini ya utawala wa wanajeshi, hakuchaguliwa. Meya wa leo mwenye baraza la madiwani linalouliza maswali hawezi kuvizia Ijumaa jioni. Hata hivyo mameya wa kuteuliwa walijaa Brazil wakati huo, na miji yao haikufanana na Curitiba. Tena mwaka 1988, kura zikiwa zimesharudi, aliingia kwenye kampeni siku 12 kabla ya uchaguzi akashinda.

Baadaye alikuwa gavana wa Paraná, 1995 hadi 2002, akaongoza Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo, akashauri Umoja wa Mataifa. Njia maalumu za mabasi, zilizoanza Curitiba mwaka 1974, zilifika Bogotá mwaka 2000 na Dar es Salaam mwaka 2016. Abiria wa mwendokasi pale Kimara anayelipa kabla ya basi kufika, kisha akaingia bila kupanda ngazi, anatumia wazo la vile vituo vya Curitiba vyenye umbo la bomba la kioo na chuma. Lakini foleni ya kusubiri basi pale Kimara haikutoka huko. Curitiba ilikuwa na URBS, kampuni ya jiji iliyowalipa wenye mabasi kwa kilomita badala ya kwa idadi ya vichwa, hata basi lisilojaa likawa na sababu ya kuondoka. Malipo hayo hayana picha ya kuonyesha kwenye kumbi za makongamano.