Mwuaji na Aliyemtuma

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Neno alilolibeba si lake, na mwenye kutaka kulijibu hana budi kumjibu aliyemtuma. Tusemeje, basi, juu ya mjumbe ambaye ujumbe wake ni risasi? Swali hili lilinijia jioni moja huko Chepsaita, upande wa Turbo katika Uasin Gishu. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, nasi tuliketi nyumbani kwa dada yangu tukitazama picha ya senema ya zamani kutoka Italia.

Picha hiyo huitwa La mala ordina, yaani wahalifu watoa amri. Ilitengenezwa na Fernando Di Leo mwaka 1972. Wauaji wawili wanatumwa kutoka New York kwenda Milan kumwua mtu mmoja duni, Luca Canali, ambaye riziki yake hutokana na ukahaba wa wanawake. Yasemekana kuwa ameiba shehena ya dawa za kulevya. Kumbe mwizi ni Don Vito Tressoldi, mkubwa wa wahalifu wa mji ule, aliyemsingizia mnyonge ili kuficha wizi wake.

Uzuri wa picha hii si katika milio ya bastola, ingawa ni mingi. Ni katika jinsi inavyowavua wauaji wa kukodiwa ile fahari ambayo senema nyingine huwavika. Wawili wale hulala katika hoteli kwa fedha za mtu mwingine, wala hawana chuki yoyote na mtu waliyetumwa kumwua. Canali naye hana sifa ya kusifiwa. Lakini mke na binti yake wanapogongwa na gari kwa makusudi, huzuni yake yatuingia moyoni. Anawaua wauaji wale wawili, na Tressoldi pia.

Picha ilipokwisha, mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, mwuaji hasa ni nani? Ni waliotumwa au ni aliyewatuma?" Nilimjibu kwa habari ya nchi yetu wenyewe.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya alikuwa akitoka katika duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa KANU. Ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kuwapeleka vijana wengi kusoma Marekani tangu mwaka 1959. Alipigwa risasi mlangoni, akafariki dunia kabla ya kuokolewa. Mwili wake ulizikwa katika kisiwa cha Rusinga.

Nahashon Njenga Njoroge alikamatwa, akashtakiwa, na mwezi wa Septemba akahukumiwa kifo. Alinyongwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Imesimuliwa kwamba alipokamatwa aliwauliza polisi kwa nini hawamfuati mkubwa. Mkubwa gani? Mahakama ilikwisha kuuhukumu mkono uliofyatua bastola. Lakini kama mkono huo ulitumwa, aliyeutuma hakusimamishwa mbele ya hakimu.

Swali lisilojibiwa halikai kimya. Watu wengi waliamini kwamba jambo lilikuwa limefichwa, na shaka ile ikaongeza uchungu uliokuwapo kati ya jamii na jamii. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokwenda Kisumu kufungua hospitali, ghasia zilizuka, walinzi wakafyatua risasi, na raia wakafa. Siku chache baadaye chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku. Toka hapo Kenya ilikaa na chama kimoja hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1991.

Hapa ndipo senema na historia huachana. Mtengeneza picha hutuonyesha uso wa Tressoldi, tukaenda kulala tumeridhika. Mwanafunzi wa historia hapewi faraja hiyo. Hana ruhusa ya kumtaja mtu yeyote bila ushahidi, maana huko ni kusingizia, na kusingizia ndiko kulikotaka kumwangamiza Canali. Wala hana ruhusa ya kulifunga jambo kwa sababu tu mtu mmoja amenyongwa.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atakapofika Nairobi atakwenda kuitazama sanamu ya Mboya, iliyozinduliwa mwaka 2011 katika barabara ile ile alimouawa. Nikamwambia aende, na atakaposimama pale aulize swali lile lile aliloniuliza Chepsaita.