Dagaa, Tegu na Nafasi Tumboni

Jumamosi, nyumbani Kigamboni, huwa nachambua dagaa wa Mwanza: kichwa huku, tumbo kule. Tumbo lenyewe halizidi punje chache za mchele. Sasa jiulize, mle ndani anaweza kuishi nani?

Swali hilo lina historia. Miaka ya 1930, Valentin Dogiel wa Leningrad alichunguza jinsi vimelea vya samaki vinavyobadilika kadiri samaki anavyokua. Samaki mkubwa kwa kawaida ameishi zaidi, amekula vingi zaidi, na matamvua yake ni mapana. Ni kama nyumba ya kupanga: yenye vyumba vingi hupata wapangaji wa kila aina.

Turudi Ziwa Victoria, alikotoka dagaa wangu. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilifanyia utafiti, akaonya kwamba kuleta humo samaki mkubwa mla wenzake ni hatari. Hakusikilizwa. Miaka ya 1950 sangara akaingizwa, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Dagaa akabaki. Ila watafiti wa Ghuba ya Mwanza waligundua kitu: dagaa waliokomaa walikuwa wadogo kuliko wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Na humo mwilini anaingia tegu aitwaye Ligula. Dagaa humpata kwa kumeza vijidudu vya majini. Tegu hukua tumboni kama utepe mweupe, akimsubiri ndege mla samaki, maana huko ndiko atakakotaga. Kwa sangara, mnyoo mmoja ni mgeni tu. Kwa dagaa, tegu mmoja anaweza kujaza tumbo zima na kuzuia mayai yasikomae. Dagaa yu hai, anaogelea, lakini uzao umekatika.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Dagaa ndiye kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Nyavu za matundu madogo zikimkomba kabla hajazaa, na tegu akiwahasi waliosalia, kesho tutachambua nini?

Historia ya ziwa lile tumezoea kuisimulia kwa sangara: viwanda, minofu, ndege za mizigo kwenda Ulaya. Sawa. Ila nusu nyingine ya habari imo katika tumbo hili ninalolitupa kila Jumamosi.