Fedha za Kuzuia Ukimwi Likoni, Kisauni na Changamwe

Halmashauri ya Chama imetutaka tuandike katika taarifa ya mwaka habari za fedha zilizoletwa kwetu upande wa bara kwa ajili ya kuzuia ukimwi: zilitoka kwa nani, zilifanya kazi gani, na kwa nini nyingine zilikatika. Wazee wetu waliyaona mengi ya mambo haya kwa macho yao, nasi twawaomba radhi tukiwakumbusha waliyoyajua kabla yetu.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha waraka wa sera mwaka 1997, lakini kwa miaka mingi maradhi haya yalisemwa kwa kunong'ona, na mazishi yakafanywa bila ya sababu kutajwa. Walioshughulika mapema mjini petu ni madaktari na watafiti. Tangu mwaka 1993 walikuwa wakiwapima na kuwashauri wanaume wa kampuni za malori, kwa kuwa mizigo ya Kilindini hupita Changamwe kwenda Nairobi, Kampala na mbele yake, na dereva hulala njiani siku nyingi mbali na mkewe. Fedha zile zilikuwa za utafiti. Zilifundisha mengi, ila hazikukusudiwa kufika kila mtaa.

Mlango ulifunguka tarehe 25 Novemba 1999, pale Rais Moi, akiwahutubia wabunge waliokutana hapa Mombasa, alipotangaza kwamba ukimwi ni janga la taifa. Baraza la Taifa la Kudhibiti Ukimwi likaundwa, na mwaka 2000 Benki ya Dunia ikatoa dola milioni 50. Hizo zilikuwa mkopo, wala si sadaka. Mwananchi wa Likoni aliyepewa kijitabu cha mafunzo alikuwa mmoja wa wadaiwa. Sehemu ya fedha ilipitia kamati za majimbo. Wakati ule Mombasa ilikuwa na majimbo manne, na matatu yalikuwa haya yetu. Vikundi vya kina mama na vya vijana viliweza kuomba vyenyewe, na hilo twalisifu. Lakini maombi yalitaka maandishi, hesabu na mihuri, na mara nyingine aliyejua kuandika alipata kabla ya aliyejua kuhudumu. Wazee watakumbuka vyama vilivyozaliwa ndani ya mkoba na kufia humo humo. Huko juu nako hakukuwa safi: mwaka 2004 mkurugenzi wa kwanza wa Baraza alihukumiwa kifungo kwa kujipatia mshahara kwa hila.

Kisha zikaja fedha kubwa zaidi. Mfuko wa Dunia ulianzishwa mwaka 2002, na mwaka 2003 Rais Bush wa Marekani akatangaza mpango wake wa dharura uitwao PEPFAR. Kwa fedha hizo vituo vya kupima kwa hiari vilienea, dawa zikatolewa bila malipo katika hospitali za Serikali kuanzia mwaka 2006, mama wajawazito wakakingiwa watoto wao, na waelimishaji rika wakatumwa kwa wenzao. Matunda yalionekana. Mwaka 2007 uchunguzi wa taifa ulikuta zaidi ya watu wazima 7 katika kila 100 wana virusi. Mwaka 2018 walikuwa karibu 5.

Hapa ndipo penye jambo ambalo twataka wanachama walitafakari. Mgonjwa aliyenyimwa dawa huonekana, naye ana jamaa wa kumlilia. Kijana wa Kisauni ambaye hakuambukizwa kwa sababu alishauriwa na kupewa kinga haonekani popote, wala hana faili hospitalini. Kwa hiyo fedha zipunguapo, kinga hukatwa kwanza. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Baada ya siku chache ruhusa ikatolewa ya kuendelea na dawa za wagonjwa. Lakini dawa ya kujikinga, imezwayo na asiye na virusi, iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wengine wote waliachwa nje, nao ndio waliokuwa hatarini zaidi. Vituo vingi nchini vilivyowahudumia vikafungwa, na waelimishaji wakarudi majumbani bila ya malipo.

Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mapatano mapya ya afya ya miaka mitano. Marekani iliahidi dola bilioni 1.6, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake. Ahadi hii ya pili ndiyo ituhusuyo sisi, kwa kuwa tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati zetu ziko mikononi mwa Kaunti.

Makadirio ya Kaunti hupelekwa katika Bunge lake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria yataka wananchi wasikilizwe. Halmashauri imeazimu kupeleka wajumbe watatu, mmoja wa Likoni, mmoja wa Kisauni na mmoja wa Changamwe, waulize ni shilingi ngapi zimeandikwa kwa kinga peke yake, mbali na dawa, na ni nani atakayewalipa waelimishaji. Majina ya wajumbe yatapendekezwa katika mkutano mkuu.