Wanawake wa Olney na Mwaka Usio na Shahidi

Kila mwaka, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, mji mdogo wa Olney, ulioko kaskazini mwa Buckinghamshire nchini Uingereza, kando ya mto Great Ouse, hujaa wageni waliokuja na watoto wao kuwatazama wanawake wakishindana mbio na vikaango mikononi. Na kila mwaka wageni hao huambiwa, kwa yakini isiyo na haya, kwamba mbio hizo zilianza mwaka 1445. Kisa chenyewe ni kitamu: mke mmoja alikuwa akipika chapati za maji ili amalize mayai na siagi kabla ya mfungo wa Kwaresima, mara akasikia kengele ya kuitwa kanisani kuungama, akatoka mbio, aproni kiunoni na kikaango mkononi. Mimi sina ugomvi na mke huyo. Ugomvi wangu ni na huo mwaka, ambao wasimulizi huurithishana bila ya kutaja hati wala shahidi, ilhali mji huohuo una khabari zilizoandikwa, zenye tarehe na hesabu, zihusuzo wanawake wake, nazo hakuna azitiaye kwenye bango.

Asili ya mji haitatuchelewesha: soko, daraja, na kanisa la karne ya 14 lenye mnara uliochongoka, uonekanao kutoka mbali. Waandishi waliotangulia aghalabu huisifia Olney watu wawili. Mmoja ni John Newton, aliyekuwa nahodha wa merikebu za watumwa kisha akawa kasisi hapa tangu 1764 hadi 1780, mtunzi wa wimbo wa Amazing Grace, ambao hata makanisani kwetu huimbwa. Wa pili ni malenga William Cowper, aliyekaa katika nyumba ya Orchard Side, pale sokoni, tangu 1768 hadi 1786. Wawili hao wamekwisha kuandikwa vya kutosha, na mimi sina la kuwaongezea, isipokuwa kuikumbusha barua moja ya Cowper ambayo wapenzi wa mashairi huipita kwa kuwa haina ushairi ndani yake.

Mwezi wa Julai 1780, Cowper alimwandikia sahibu yake Joseph Hill, mwanasheria wa London, akimsihi kwamba, pindi akipata nafasi ya kunong'ona katika sikio la Lord Chancellor, mkuu wa mahakama za Uingereza, awaombee huruma wafuma kimia wa Olney. Bunge lilikuwa limeletewa mswada ambao ungeiangamiza kazi yao. Mswada ule ulitupwa, walakini Lord Stormont, waziri wa serikali, alikuwa akitishia kuleta mwingine. Watu wa mji walikuwa wamempelekea Lord Dartmouth, waziri mwenzake, arzihali, naye Cowper akaitia sahihi, na ndani yake walieleza ya kuwa katika mji ule fukara walikuwamo wafuma kimia karibu 1,200, ambao wengi wao, mswada ulipokuwa ukijadiliwa, kila mkate walioununua waliudhani ndio wa mwisho watakaoweza kuuchumia.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Nyumba ya Cowper tangu 1900 ni makumbusho, na humo vimo vyombo vya kimia. Mfumaji hupakata mto mgumu, juu yake karatasi yenye nakshi iliyotobolewa, pini zimechomekwa penye matobo, na nyuzi zinaning'inia kwenye vijiti vyembamba vya mfupa au mti, kila kimoja na shanga zake mwishoni za kukitia uzito. Nilimwonyesha binti yangu kigoda cha mshumaa: mshumaa mmoja katikati, chupa za kioo zilizojaa maji pembezoni, ili mwanga ukusanyike na kila mfumaji apate doa lake dogo la nuru juu ya mto wake, hivyo mshumaa mmoja ukawatosha wanawake kadhaa usiku wa baridi. Watoto nao walipelekwa shule za kimia wangali wadogo mno.

Basi mimi nastaajabu kwamba mji umemchagua yule mke aliyechelewa kanisani, asiye na jina wala hati, ukawaacha hawa 1,200 walioulisha. Ikiwa bango haliwezi kukaa bila ya mwaka wa kale, 1780 upo, na shahidi wake alitia sahihi.

Yaliyofuata ni mafupi. Kimia cha mikono kilishindwa na mashine za Nottingham. Mbio zilikoma, zikafufuliwa mwaka 1948 na kasisi Ronald Collins, aliyekuta picha za zamani za wanawake wakikimbia na vikaango; mwaka 1950 mji wa Liberal, huko Kansas, Marekani, ukaomba kushindana, na tangu hapo muda wa washindi wa miji miwili hulinganishwa. Mbio ni yadi 415, kutoka sokoni hadi kanisani, chapati ikirushwa na kudakwa. Mshindi hupewa busu la amani, kisha wote huingia kanisani kwa ibada. Wakimbiaji ni lazima wawe wanawake wakaao Olney, kanuni ambayo binti yangu aliiona ni dhuluma, akataka kujua hapohapo nyumba za mji ule hukodishwa kwa kiasi gani.