Shabiki wa Garissa na saa za Ligi Kuu ya Uingereza

LIGI Kuu ya Uingereza, EPL, inapong'oa nanga kila Agosti, shabiki wa kandanda mjini Garissa huwa na ratiba mbili za kulinganisha: ile ya mechi 380 ambayo hutolewa mwezi Juni, na ile ya jua.

Garissa iko karibu mno na ikweta. Kwa sababu hiyo, mwaka mzima jua hutua huko kati ya saa 12:05 na saa 12:40 jioni. Uingereza nayo hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka ilhali Kenya haibadilishi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri jijini London huanza saa 11 jioni Garissa hadi mwishoni mwa Oktoba, kisha husogea hadi saa 12, na kurejea saa 11 mwishoni mwa Machi.

Matokeo yake ni kwamba, mwanzoni mwa msimu, adhana ya Magharibi husikika katikati ya kipindi cha pili, wakati bao linatafutwa kwa udi na uvumba. Kuanzia Novemba, husikika timu zikiwa ndipo zinapimana nguvu. Katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, si ajabu kwa ukumbi wa video kubaki na viti vitupu kwa muda, kisha watu kurejea wakiulizana ni nani amefunga.

Ramadhani nayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka wa 2010, mfungo ulianza siku chache tu kabla ya msimu kufunguliwa. Mwaka wa 2025 uliangukia Machi.

Hata hivyo, shabiki huyu ana neema ambayo mwenzake wa London hana. Uingereza hairuhusu mechi za Jumamosi saa tisa alasiri kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, ili watu wasikimbie viwanja vya timu ndogo. Kenya haina marufuku hiyo.

Kuzipata picha zenyewe ni suala la pesa, na ndiyo maana wengi hutegemea kumbi za video badala ya kulipia setilaiti nyumbani. Kampuni ya GTV, iliyoingia sokoni mwaka wa 2007 kwa bei nafuu, ilisambaratika Januari 2009 katikati ya msimu na kuwaacha wateja wake mataani. Redio haikuwa na hila hizo. Umeme nao ulitoka kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya mji kuunganishwa na gridi ya taifa. Desemba 2019, kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa katika kaunti hiyo, ingawa jua lenyewe huzama kabla ya kipenga cha mwisho.

Lakini hakuna kilichotikisa desturi ya kutazama mpira pamoja kama usalama. Julai 11, 2010, zaidi ya watu 70 waliuawa jijini Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Juni 15, 2014, wavamizi waliingia Mpeketoni, katika kaunti jirani ya Lamu, wakati wa mashindano hayo hayo, na miongoni mwa waliovamiwa ni watu waliokuwa wakitazama mechi.

Kisha, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku hiyo hiyo, serikali ilitangaza kafyu ya kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Jumamosi hiyo, Arsenal iliilaza Liverpool mabao 4-1 katika mechi iliyoanza saa 8:45 mchana kwa saa za Kenya. Yeyote aliyekuwa na moyo wa kutazama mpira angeweza kuimaliza na kufika nyumbani mapema. Mechi za saa 11 zilikuwa jambo jingine. Kafyu ilianza zikiwa zimesalia takriban dakika 20, na matokeo yake yalilazimika kusubiriwa nyumbani, kwa redio na simu.